Ofa ya Bure Inapoondolewa Mkataba Ukiwa Bado Unaendelea

Ujumbe wenyewe huwa mfupi na wenye adabu. Unaanza kwa kumwita mteja mpendwa, unaeleza kwamba kampuni inaendelea kuboresha huduma zake, kisha katika sentensi ya tatu au ya nne unataja kwamba huduma ya filamu iliyokuwa ikitolewa bure pamoja na kifurushi itasitishwa kuanzia mwezi ujao. Ada ya mwezi inabaki ileile. Muda wa mkataba unabaki uleule. Kilichoondoka ni kitu kimoja, ambacho pengine ndicho kilichomfanya mteja huyo asaini na kampuni hii akaiacha nyingine.

Akipiga simu huduma kwa wateja, hujibiwa kwa sentensi inayoonekana kufunga mjadala: ile ilikuwa ya bure, kwa hiyo hujapoteza chochote ulichokilipia. Nataka kuichambua sentensi hiyo kwa utulivu, kwa sababu nimeona watu wenye haki kamili wakikata simu baada ya kuisikia, na nimeona wengine ambao kweli hawakuwa na haki wakihangaika miezi mingi kwa kutojua mpaka uko wapi.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mteja mmoja wa mfano na tuende naye hadi mwisho. Amesaini mkataba wa simu na intaneti wa miezi 24. Tangazo lililomvuta lilisema kwamba atakayejiunga kwa muda huo atapata huduma ya filamu bure kwa muda wote wa mkataba, na chini yake, kwa herufi ndogo, likaongeza maneno yaliyozoeleka: vigezo na masharti kuzingatiwa. Mwezi wa 9 unapokwisha, huduma hiyo inaondolewa. Imebaki miezi 15, na akivunja mkataba sasa atatozwa ada ya kuvunja mapema.

Bure iliyolipiwa

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sheria za mikataba haziendi mbali kiasi hicho. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ahadi tupu ya kumpa mtu zawadi haimfungi aliyeitoa. Inakuwa deni pale ambapo aliyeahidiwa naye ametoa kitu, au amejifunga kufanya jambo fulani, kwa ajili ya ahadi hiyo. Kampuni inapoiita ofa yake zawadi, basi, haichagui neno ovyo. Inajaribu kuitoa ahadi hiyo ndani ya mkataba na kuiweka kwenye kundi la mambo ambayo mtu huyafanya kwa hisani na kuyaacha kwa hiari yake.

Kwa hiyo la kujiuliza ni kwamba mteja wetu alitoa nini. Alikubali kufungwa miezi 24, muda ambao angeweza kuutumia kuhamia kwa yeyote mwenye bei nafuu zaidi. Alikubali ada ya kuvunja mkataba mapema. Huenda aliacha namba, vifaa au punguzo alilokuwa nalo kwa mtoa huduma wa awali. Na ada anayolipa kila mwezi ilipangwa na kampuni ikijua kwamba ndani yake kuna gharama ya kumlipa mwenye huduma ya filamu. Kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni kuuliza kama mteja angepata kitu hicho bila kusaini. Kama jibu ni hapana, kama tangazo lilisema "ukijiunga utapata", basi kujiunga ndiyo bei yake, na neno bure lina maana moja tu, kwamba hakuna mstari wake peke yake kwenye ankara.

Kesi maarufu kuliko zote katika eneo hili ina zaidi ya karne moja. Mwaka 1891 kampuni ya Uingereza iliyoitwa Carbolic Smoke Ball Company ilitangaza kwamba ingempa pauni 100 mtu yeyote ambaye angeugua mafua makali baada ya kutumia kifaa chake mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, na ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha nia yake njema. Bi. Louisa Carlill alikitumia kama alivyoelekezwa, akaugua, akadai. Kampuni ilijitetea kwamba yale yalikuwa mbwembwe za tangazo tu na kwamba haikuwahi kuingia mkataba naye. Mahakama ya Rufani, mwezi Desemba 1892, iliukataa utetezi huo: tangazo lilikuwa na sharti mahususi na ahadi mahususi, fedha zilizowekwa benki zilionyesha kwamba ahadi ile ilitolewa kwa dhati, na mama yule, kwa kufuata sharti, alikuwa ameikubali ofa na kuilipia. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hii hadi leo, na mteja wa simu aliyepewa jibu la "ilikuwa ofa tu" anasimama karibu sana na pale aliposimama Bi. Carlill.

Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa mwaka 1971 mwongozo maalumu kuhusu matumizi ya neno bure katika matangazo. Mwongozo huo unadai kwamba masharti yote ya kupata kitu cha bure yaelezwe wazi tangu mwanzo, na unasema bayana kwamba kuyaficha katika tanbihi inayoelekezwa na alama ya nyota hakuhesabiki kuwa kuyaeleza tangu mwanzo. Umri wa mwongozo huo unaonyesha jinsi tatizo lilivyo la zamani. Nyota ndogo juu ya neno kubwa ilikuwapo kabla ya simu za mkononi.

Lakini upande wa pili nao lazima usemwe. Kuna vitu vya bure ambavyo ni zawadi kweli. Kampuni ikikuongezea data wakati mkataba umeshafika mwaka mmoja, kama shukrani kwa wateja wake, bila kukutaka usaini chochote kipya wala kuongeza muda, hukutoa kitu kwa ajili ya nyongeza hiyo. Ilikuja baada ya makubaliano, na ikiondoka huna pa kushika, isipokuwa kampuni iliitumia kukushawishi ubaki ulipotaka kuondoka. Hapo mambo yanageuka tena: mteja aliyepiga simu akitaka kuhama, akaambiwa "baki nasi mwaka mwingine tukupe hiki", akabaki, amelipa kwa kubaki kwake.

Ahadi ilisemaje hasa

Baada ya kujua kwamba kitu kile ni sehemu ya mapatano, kazi inayofuata ni ya msomaji mwenye subira, yaani kurudi kwenye maneno yenyewe. "Bure kwa miezi 6" si sawa na "bure kwa muda wote wa mkataba". "Hadi" ni neno la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu linaweka kikomo cha juu bila kuahidi cha chini. "Ofa inaisha tarehe 30" kwa kawaida humaanisha kwamba tarehe hiyo ndiyo ya mwisho ya kujiunga, si tarehe ya huduma kukoma kwa waliokwisha kujiunga, na wahudumu wa simu huyachanganya mambo haya mawili mara nyingi. Mteja anaambiwa kwamba promosheni imefungwa, anakubali, kumbe imefungwa kwa wateja wapya tu.

Maneno yakiwa na utata, sheria nyingi humsaidia asiyeyaandika. Waraka wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 1993 kuhusu masharti yasiyo ya haki katika mikataba ya walaji unaeleza kwamba sharti lenye shaka lifasiriwe kwa namna inayomfaa zaidi mlaji, na kanuni ya aina hiyo inajulikana pia nje ya Ulaya. Mantiki yake ni rahisi: aliyeshika kalamu alikuwa na nafasi ya kuandika vizuri zaidi.

Penye ugumu zaidi ni pale ambapo ahadi ilitolewa kwa mdomo. Wakala dukani, au sauti kwenye simu ya mauzo, ilisema "na hii utakuwa nayo mpaka mwisho", ila karatasi iliyosainiwa haina neno hilo, na ukurasa wa mwisho una kifungu kinachosema kwamba mkataba huu ndio makubaliano yote na kwamba hakuna maelezo mengine yanayohesabiwa. Vifungu vya namna hii vinatisha kuliko uzito wake. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015, kwa mfano, katika kifungu chake cha 50, inasema kwamba jambo lolote alilosema au kuandika mfanyabiashara, au mtu aliyezungumza kwa niaba yake, kuhusu huduma, linahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba iwapo mlaji alilizingatia alipoamua kuingia. Kuhusu wakala, kanuni ya jumla ni kwamba kampuni iliyompa mtu sare, mfumo wa kusajilia wateja na ruhusa ya kuuza kwa jina lake haiwezi kugeuka baadaye na kudai kwamba aliyazungumza ya kwake.

Sheria ikiwa upande wako, bado ushahidi unahitajika, na hapa ndipo madai mengi mazuri hufia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kurasa za matangazo hubadilishwa bila taarifa, na ukurasa wa ofa huwa miongoni mwa vya kwanza kutoweka. Picha ya skrini yenye tarehe, barua pepe ya kuthibitisha usajili, muhtasari wa mkataba, mazungumzo ya maandishi na mhudumu, hata ujumbe mfupi wa kukaribishwa, vyote vihifadhiwe mahali ambapo havitegemei akaunti ya kampuni hiyohiyo. Kama hukuhifadhi tangazo, jaribu maktaba za mtandaoni zinazotunza nakala za kurasa za zamani.

Kuna ushahidi mwingine ambao wateja wengi hawaufikirii. Ile sauti inayosema kwamba mazungumzo yanarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma inakuambia pia kwamba kuna rekodi, na rekodi hiyo ina taarifa zako binafsi. Chini ya kanuni za Ulaya za ulinzi wa taarifa, mtu ana haki ya kuomba nakala ya taarifa zake, na kwa kawaida anatakiwa kujibiwa ndani ya mwezi mmoja. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi katika nchi nyingine nyingi zina haki inayofanana. Omba mapema, taja tarehe na namba uliyopigia, kwa sababu rekodi hazitunzwi milele.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, kuna jambo la kujichunguza ambalo halihitaji maneno mengi. Je, ulitakiwa kuiwasha huduma hiyo kwa msimbo ndani ya siku kadhaa na hukufanya hivyo? Je, ulibadilisha kifurushi katikati, au ulichelewa kulipa mwezi mmoja, wakati masharti yalisema wazi kwamba ofa inategemea kifurushi kile na malipo kwa wakati? Kama ndivyo, tatizo lako ni jingine, na ni bora ulijue kabla ya kuandika barua kali.

Kifungu kinachoruhusu kila kitu

Karibu kila mkataba wa simu una sentensi inayosema kwamba kampuni inaweza kubadilisha, kusitisha au kuondoa huduma yoyote wakati wowote kwa hiari yake. Hiyo ndiyo ngao kuu ya kampuni, na inastahili kuangaliwa tabaka kwa tabaka.

Tabaka la kwanza ni kama sharti hilo lilionyeshwa. Kadiri sharti linavyomnyima mtu kitu kikubwa, ndivyo anayelitegemea anavyopaswa kulitoa mbele ya macho. Mwaka 1956 jaji Denning wa Uingereza aliwahi kusema kwamba kuna vifungu ambavyo vingelazimika kuchapwa kwa wino mwekundu na kuchorwa mkono mwekundu unaovielekeza ndipo taarifa yake itoshe. Ahadi kubwa katikati ya ukurasa na ruhusa ya kuifuta katika aya ya arobaini haviko mbali na alichokuwa akikizungumzia, ingawa mahakama nyingi humchukulia aliyesaini kuwa amekubali alichosaini, kwa hiyo mtu asiegemee hoja hii peke yake.

Tabaka la pili ni kama maneno ya kifungu yanaifikia ahadi hii. Ruhusa ya jumla ya kubadilisha huduma ikikutana na ahadi mahususi ya "muda wote wa mkataba", haziwezi zote mbili kuwa na nguvu kamili. Moja lazima imeze nyingine. Kusema kwamba ahadi ya miezi 24 inaweza kufutwa mwezi wa pili ni kusema kwamba hapakuwa na ahadi, na hakuna mteja mwenye akili timamu ambaye angelisoma tangazo lile kwa maana hiyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyotumika kwa nadra.

Tabaka la tatu ni uhalali wa kifungu chenyewe. Waraka ule wa Ulaya wa 1993 una kiambatisho kinachoorodhesha masharti yanayoweza kuhesabiwa kuwa si ya haki, na miongoni mwake yamo yale yanayomwezesha mfanyabiashara kubadilisha masharti peke yake bila sababu halali iliyotajwa katika mkataba, au kubadilisha sifa za huduma bila sababu halali. Orodha hiyo haifuti kifungu moja kwa moja, ila inampa mteja mahali pa kuanzia: kampuni ioneshe sababu, na ioneshe ni wapi mkataba uliitaja.

Katika mawasiliano hasa, Ulaya ina kanuni yake iliyopitishwa Desemba 2018, inayosema kwamba mtoa huduma akibadilisha masharti ya mkataba, mteja ana haki ya kuuvunja bila gharama zaidi, na lazima ajulishwe angalau mwezi mmoja kabla. Haki hiyo haipo ikiwa mabadiliko yote ni ya manufaa kwa mteja, au ni ya kiutawala tu yasiyomdhuru, au yamelazimishwa moja kwa moja na sheria. Mteja wetu angeweza kutoka. Tena, kama alichukua na simu kwa bei iliyopunguzwa na anataka kubaki nayo, anachoweza kudaiwa kwa ajili ya simu hiyo hakizidi thamani yake iliyobaki kulingana na muda, au sehemu ya ada iliyobaki hadi mwisho wa mkataba, ile iliyo ndogo.

Nasisitiza hapa jambo linalochanganya watu wengi. Haki ya kutoka na haki ya kupata ulichoahidiwa ni haki mbili tofauti. Kampuni hupenda kuzungumzia ya kwanza kana kwamba inaimaliza ya pili: "Kama huridhiki, unaweza kuondoka bila faini." Kwa mteja ambaye soko limepanda bei tangu asaini, kuondoka ni adhabu nyingine. Anaweza kusema kwamba hataki kuondoka, anataka mkataba utekelezwe, na kama hauwezi kutekelezwa alipwe tofauti. Nafasi ya kutoka pia ina muda wake, mara nyingi mwezi mmoja tangu taarifa, na ukipita mtu anaweza kujikuta amepoteza moja bila kupata nyingine. Ndiyo sababu majibizano ya simu yasiyo na mwisho humnufaisha upande mmoja tu.

Kampuni ikisema kwamba mshirika wake amesitisha ushirikiano, jibu ni fupi. Mteja hakusaini na mshirika. Alisaini na kampuni ya simu, na hatari ya mshirika kuondoka ilikuwa ya kampuni, isipokuwa ilisema mapema kwamba ahadi inategemea ushirikiano huo. Hata hapo, ni haki kudai kitu mbadala chenye thamani inayolingana.

Hata hivyo, kuna nyakati ambapo ofa inaondolewa kwa sababu halali kabisa. Ujerumani inatoa mfano mzuri. Kampuni mbili kubwa, Telekom na Vodafone, zilikuwa na ofa za StreamOn na Vodafone Pass, ambazo zilifanya data ya programu fulani isihesabiwe kwenye kifurushi. Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba ofa za aina hiyo zinakiuka kanuni ya mwaka 2015 ya intaneti huria, kwa kuwa zinapendelea baadhi ya programu kuliko nyingine. Aprili 2022 mdhibiti wa Ujerumani alizipiga marufuku, na wateja waliokuwa nazo wakapewa hadi mwisho wa Machi 2023. Kampuni haikuwa na hiari, na mteja wa hapo hawezi kuidai irudishe kilichoharamishwa. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba ni matakwa ya sheria, omba utajiwe sheria ipi. Kama ipo, itatajwa bila shida.

Kuandika dai

Barua ya dai haihitaji hasira wala vifungu kumi vya sheria. Inahitaji mambo ambayo mtu asiyekujua akiisoma ataelewa kwa dakika mbili: nini kiliahidiwa, wapi, lini, nini kiliondolewa, lini, kwa nini kilikuwa sehemu ya mapatano, unataka nini, na kwa tarehe gani. Mteja wetu angeweza kuandika hivi:

"Tarehe niliyojiunga na mkataba wa miezi 24 mliniahidi huduma ya filamu bila malipo ya ziada kwa muda wote wa mkataba, kama inavyoonekana kwenye tangazo na barua pepe ya uthibitisho nilizoambatisha. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali muda huo. Mwishoni mwa mwezi wa 9 mliiondoa bila ridhaa yangu. Naomba muirudishe ndani ya siku 14, au mnipe huduma nyingine inayolingana nayo, au mpunguze ada yangu kwa kiasi ambacho huduma hiyo inauzwa ikinunuliwa peke yake, kwa miezi 15 iliyobaki. Iwapo mtashindwa yote hayo, naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba naweza kuvunja mkataba bila ada. Kuendelea kwangu kulipa na kutumia huduma katika kipindi hiki si kukubali mabadiliko mliyoyafanya."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoiona ya lazima kuliko zote. Kimya cha mteja, pamoja na malipo yanayoendelea kila mwezi, huweza kusomwa baadaye kama ridhaa. Sentensi moja inaizuia tafsiri hiyo.

Hesabu ya hasara nayo iwe ya kuaminika. Bei ambayo mteja angelipa kwa mwezi kuinunua huduma hiyohiyo sokoni, mara miezi 15, ndiyo picha ya kawaida ya kilichopotea. Kuongeza fidia ya usumbufu kunawezekana katika baadhi ya mifumo, lakini kiasi kikubwa kupita kiasi humfanya msomaji wa upande wa pili atilie shaka hata kile kilicho cha haki.

Wengi huuliza kama waache kulipa ada mpaka huduma irudishwe. Naelewa hamu hiyo, na bado nashauri dhidi yake. Kampuni itakata laini, itatoza faini ya kuchelewa, na mahali penye taasisi za kumbukumbu za mikopo inaweza kupeleka jina la mteja huko kama mdaiwa. Mgogoro uliokuwa kuhusu ahadi ya kampuni unageuka kuwa mgogoro kuhusu deni la mteja. Lipa, andika kwamba unalipa huku ukipinga, endelea kudai.

Wasiliana kwa maandishi. Ukilazimika kupiga simu, andika tarehe, saa, jina alilojitambulisha nalo mhudumu na namba ya kumbukumbu ya lalamiko, kisha tuma ujumbe mfupi unaorudia mlichokubaliana. Mhudumu wa kwanza kwa kawaida hana mamlaka ya kurejesha kilichoondolewa na makao makuu, na kumfokea ni kumwonea mtu asiyehusika. Omba lalamiko lipandishwe ngazi na liandikwe rasmi kuwa lalamiko, kwa sababu mara nyingi saa ya kisheria huanza kuhesabu hapo.

Kampuni ikikataa, omba ikupe msimamo wake wa mwisho kwa maandishi. Karatasi hiyo hufungua milango ya nje. Mamlaka za udhibiti hazifanani, na ni muhimu kujua yako inafanya nini kabla ya kuitegemea. Ofcom ya Uingereza haiamui malalamiko ya mtu mmoja mmoja; mteja hupelekwa kwenye chombo huru cha usuluhishi, ambacho kwake ni bure. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, hupokea lalamiko bila ada na kulifikisha kwa kampuni, ambayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kwingine mdhibiti ana kamati inayosikiliza na kuamua yenyewe. Hata pale ambapo hatoi uamuzi, lalamiko lililopita kwake huishia mezani kwa watu wenye mamlaka makubwa kuliko yule wa simu.

Mahakama za madai madogo zimebuniwa kwa migogoro ya ukubwa huu, lakini angalia kwanza kama mkataba wako una kifungu cha usuluhishi wa lazima, yaani kinachotaka mgogoro upelekwe kwa msuluhishi badala ya mahakamani. Jambo hili lina historia inayohusu hasa mada yetu. Nchini Marekani, mume na mke walionunua huduma ya simu mwaka 2002 baada ya tangazo la simu za bure walijikuta wakitozwa dola 30.22 za kodi ya mauzo kwa simu hizohizo. Wakafungua shauri lililounganishwa na la wateja wengine dhidi ya kampuni iliyokuja kuwa AT&T Mobility. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba kifungu cha usuluhishi kilichowakataza wateja kuungana katika shauri moja kilikuwa halali. Simu za bure ndizo zilizozaa uamuzi ambao leo unawazuia mamilioni ya wateja wa Marekani kwenda mahakamani kwa pamoja. Katika Umoja wa Ulaya vifungu vya aina hiyo dhidi ya mlaji vina hali ngumu zaidi, na mikataba yenyewe nayo hutofautiana. Baadhi huacha mlango wa mahakama ya madai madogo wazi.

Mara nyingi haifiki huko. Baada ya barua ya pili au lalamiko kwa mdhibiti, kampuni huja na pendekezo: punguzo la miezi michache, data ya ziada, au huduma nyingine mpya. Lisome kwa uangalifu uleule ambao ungeusoma mkataba wa kwanza. Angalia kama kulikubali kunaanzisha upya kipindi cha kufungwa, kwa sababu punguzo la miezi 6 linaloambatana na miezi 24 mipya si fidia, ni mauzo. Angalia kama kuna maneno yanayosema kwamba umemaliza madai yako yote, na kama yapo, yahusishe na jambo hili moja tu. Muulize anayelitoa kama hicho anachokupa sasa nacho kinaweza kuondolewa kabla ya wakati, na jibu lake uliombe kwa maandishi kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali.